Lubumbashi: Betri ya tochi yenye 9900 mAh haipo duniani, hii ndiyo namna ya kutambua betri za uongo

Katika masoko ya Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, betri za kuchaji zinauzwa kila upande: za tochi, za redio, za simu, pawabenki, hadi zile nzito za paneli za jua. Sababu inaeleweka. Umeme wa SNEL unakatika mara kwa mara, na kuna mitaa ambako unarudi usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Kwa familia nyingi ni betri inayobeba usiku: taa ya mtoto anayejiandaa kwa mtihani, simu ya baba anayefanya kazi ya ulinzi, redio ya bibi. Lakini kati ya betri hizo kuna nyingi ambazo maandishi yake ni uongo mtupu, na anayeumia ni yule aliyetoa franka zake za mwisho.

Jambo hili linauma zaidi hapa kuliko mahali pengine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo inatoka Kolwezi, Fungurume na Likasi, saa chache kwa gari kutoka Lubumbashi. Malori yanapita Kasumbalesa kila siku yakielekea bandari za Durban na Dar es Salaam, kisha mali inasafishwa kwa wingi China. Inaporudi, inarudi ikiwa ndani ya simu, kompyuta na tochi. Na wakati mwingine kinachorudi ni kopo la chuma lenye seli ndogo ndani na unga wa kujazia nafasi. Si hadithi ya mtaani: watu waliopasua betri za namna hiyo katika nchi mbalimbali wamekuta hivyo hivyo, na ndani ya pawabenki fulani wamekuta mchanga au vipande vya chuma vilivyowekwa ili kuongeza uzito.

Namba inayojisaliti yenyewe

Betri inayodanganya watu wengi zaidi ni ile ya mviringo inayoingia katika tochi kubwa za kuchaji, feni ndogo na spika za muziki. Mafundi wanaiita kwa namba yake, 18650. Namba hiyo si ya siri: 18 ni upana wake kwa milimita, 65 ni urefu wake, na sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya mviringo. Ni seli ya lithiamu, familia ile ile ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991.

Juu ya plastiki yake kunaandikwa mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao seli inaweza kuhifadhi. Sokoni utaona 6800, 8800, 9900, na hata 12000. Hapo ndipo udanganyifu unapojionyesha bila kifaa chochote. Kwa miaka mingi seli bora za ukubwa huo, zinazotengenezwa na kampuni kama Panasonic, Samsung SDI, LG na Murata, zimekuwa zinaishia karibu na 3500 au 3600 mAh. Hivi karibuni chache zimefika 4000. Hakuna kiwanda kinachoweza kuingiza 9900 katika kopo hilo.

Hesabu yake si ngumu. Seli ya 9900 mAh yenye volti 3.7 ingekuwa na karibu wati-saa 37. Ikiwa uzito wake ni gramu 45, basi kilo moja ya seli hizo ingebeba zaidi ya wati-saa 800. Seli nzuri za magari ya umeme zinabeba kati ya 250 na 300 kwa kilo. Yaani betri ya tochi ya bei ndogo ingekuwa inashinda mara tatu magari ya kampuni tajiri kuliko zote duniani. Waliozipima seli hizo za 9900 mara nyingi wamekuta kati ya 500 na 1500 mAh tu.

Ajabu ni kwamba muuzaji mdogo, mara nyingi, naye hajui. Ananunua kwa jumla, katoni nzima, na kwake namba kubwa ni sifa ya mali. Mteja naye akiwekewa seli mbili mezani, moja ya 2600 na nyingine ya 9900 kwa bei ile ile, mkono wake unakwenda kwenye 9900. Hivyo anayeuza betri ya kweli ndiye anayeonekana mwizi. Soko la namna hiyo linamfukuza mtu mwaminifu.

Mizani kabla ya macho

Macho yanadanganywa kwa urahisi, sababu plastiki inayovikwa seli inauzwa tupu, ikiwa imechapishwa jina lolote. Uzito ni mgumu kuudanganya. Seli ya kweli ya 18650 ina gramu 43 hadi 50. Ikiwa chini ya gramu 40, iache. Mizani ndogo za kidijiti zinazotumiwa na wanaopima dhahabu, au za jikoni za wanaotengeneza keki, zinatosha kabisa.

Na asiye na mizani? Achukue seli moja kutoka betri ya kompyuta ya zamani iliyokufa, ambayo anajua ni ya kiwanda. Seli iliyokufa haipunguzi uzito. Aweke rula juu ya kalamu, seli moja huku na nyingine kule, kwa umbali ulio sawa kutoka katikati. Ile ya uongo itapanda juu kama mtoto aliyekaa na mtu mzima kwenye bembea.

Lakini mizani haikamati kila mwizi. Kuna udanganyifu mwingine ambao uzito wake ni sahihi: seli za kompyuta zilizochakaa, zinazotolewa katika betri za zamani, zinavuliwa plastiki, zinasafishwa na kuvikwa plastiki mpya yenye jina kubwa. Hizo ni seli za kweli zilizozeeka. Alama yake iko kwenye ncha. Seli mpya ina ncha safi. Iliyotumika inabaki na vidoa viwili au vinne vidogo mahali ambapo bati lilichomelewa, au mikwaruzo ya kisu au msasa wa mtu aliyejaribu kufuta vidoa hivyo. Geuza seli kwenye mwanga na uangalie upande wa hasi, ule ulio bapa.

Baada ya hapo ni multimita, chombo ambacho kila fundi wa simu anacho mezani. Seli mpya iliyokaa dukani inapaswa kuwa kati ya volti 3.4 na 3.8 hivi, sababu viwanda vinaituma ikiwa na chaji ya nusu au chini kidogo. Ikisoma chini ya 2.5, imeshaumia ndani, na kuichaji tena ni kuita moto. Ikiwa imejaa inasoma 4.2. Ndiyo maana plastiki inayotangaza kwa herufi kubwa kwamba betri ni ya volti 4.2 inatia shaka: viwanda vinaandika 3.6 au 3.7, ambayo ni volti ya kawaida ya kazi, si ya kilele.

Maandishi yenyewe pia yana lugha yake. Kampuni kubwa zinaandika namba ya aina, na mara nyingi namba hiyo inabeba ukweli ndani. Kwa Samsung, 25R ni 2500 mAh, 30Q ni 3000, 35E ni 3500. Ukikuta 30Q iliyoandikwa 5000, aliyeichapisha hakujua anachoiga. Seli yenye jina la Sony inayouzwa leo kuwa imetoka kiwandani mwaka huu inahitaji maswali, sababu Sony iliuza kazi yake ya betri kwa Murata mwaka 2017.

Kuhusu neno "ya kichina" ambalo wanunuzi wengi wanalitumia kumaanisha kitu kibovu: linapotosha. China ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya seli za lithiamu za dunia nzima, zikiwemo zilizo bora kabisa. Betri ya uongo ni kazi ya mtu aliyeagiza maandishi ya uongo, na mara nyingi aliyeagiza ni mfanyabiashara wa huku kwetu anayejua vizuri anachokitaka.

Simu ndogo, redio na pawabenki

Betri bapa ya aina ya BL-5C, ambayo Nokia iliitengenezea simu zake za vitufe, leo inafanya kazi katika redio, spika na simu za majina kumi na mawili. Ya asili imeandikwa 1020 mAh kwa matoleo ya baadaye, chini ya hapo kwa yale ya kwanza. Zinazouzwa zikitangaza 2500 au 3000 katika umbo lile lile zinafuata uongo ule ule wa 9900. Zamani Nokia iliweka kibandiko kinachobadilika ukikigeuza kwenye mwanga: upande mmoja mikono miwili inayotaka kushikana, upande mwingine maandishi ya vifaa vya asili, pamoja na namba 20 za kukwaruza. Hata hivyo jina la asili si kinga ya kila kitu. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita zinaweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha bure. Tofauti iko hapo: kampuni inayojulikana inaweza kuulizwa. Aliyechapisha plastiki usiku katika chumba cha nyuma hana anwani.

Kwa pawabenki, mnunuzi anahitaji kujua kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakielezi. Namba inayoandikwa mbele, mfano 10000 mAh, ni ya seli za ndani kwa volti 3.7. Umeme unaotoka kwa simu ni wa volti 5, na njiani sehemu inapotea. Hivyo pawabenki ya kweli ya 10000 inatoa karibu 6000 hadi 6500 kwa simu. Huo si wizi. Pawabenki ya heshima inaandika namba hiyo ya pili nyuma yake kwa herufi ndogo, pamoja na wati-saa: 10000 inakuwa 37 Wh, 20000 inakuwa 74 Wh. Isiyoandika wati-saa popote, hata uwanja wa ndege wa Luano inaweza kukupatia matatizo, kwani kampuni za ndege zinahesabu kwa wati-saa na kikomo cha kawaida ni 100.

Jaribio lake ni simu yako mwenyewe. Simu ya siku hizi ina betri ya 5000 mAh. Pawabenki ya 20000 iliyojaa inapaswa kuijaza kutoka sifuri mara mbili na nusu hadi mara tatu. Ikijaza mara moja na kuzima, unajua. Uzito pia unasema: ya 10000 ina gramu 200 hivi, ya 20000 kati ya 350 na 450. Lakini kumbuka mchanga. Itikise karibu na sikio. Ndani ya pawabenki ya kweli hakuna kitu kinachotembea.

Betri ndogo za kuchaji za redio na saa, zile za ukubwa wa AA, hazina mengi: zinafanya kazi kwa volti 1.2, na juu ya 2800 mAh usiamini.

Betri kubwa ya paneli, hasara kubwa

Kwenye betri za risasi na asidi, zile za volti 12 zinazowekwa na paneli, hasara inakuwa ya mwaka mzima wa akiba. Ndizo zinazowasha taa katika nyumba, kanisa, duka la dawa, na katika vituo vingi vya afya vya vijijini ambako SNEL haijafika. Mkunga anayepokea mtoto saa nane ya usiku hawezi kusubiri muuzaji afungue duka asubuhi ili amweleze kwa nini betri ya ampea-saa 100 imezimika baada ya saa mbili.

Hapa pia uzito ndio shahidi wa kwanza. Betri ya kweli ya 100 Ah, ya aina iliyofungwa, ina kilo 28 hadi 32 hivi. Ya 200 Ah inakaribia kilo 60, watu wawili wanaibeba. Risasi ni nzito na haina njia ya mkato. Ikiwa kijana mmoja anainyanyua ile ya 200 kwa mkono mmoja akiendelea kuongea, betri hiyo haina risasi ya kutosha. Kuna zile za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma ambazo kwa kawaida ni nyepesi, karibu nusu au chini ya hapo, lakini zinaandikwa volti 12.8 na bei yake iko juu. Muuzaji asiyejua kusema ni ipi kati ya hizo mbili asichukue pesa zako.

Jaribio ambalo fundi yeyote anaweza kufanya linahitaji balbu ya taa ya mbele ya gari tu. Ile ya wati 55 au 60 inavuta karibu ampea 5. Namba ya 100 Ah kwa betri za risasi inapimwa hivyo hivyo: ampea 5 kwa muda wa saa 20. Jaza betri, iache ipumzike masaa machache. Inapaswa kusoma karibu 12.7. Iwashie balbu kwa saa tano. Umetumia robo. Betri nzima itakuwa bado juu ya volti 12 balbu ikiwaka. Ile ya uongo itakuwa imeshaanza kufifisha mwanga. Saa tano ni nyingi kusimama dukani, ndiyo, lakini muuzaji anayekubali kukuandikia garanti ya siku saba kwenye risiti yenye muhuri anakupa nafasi ya kuifanya nyumbani. Anayekataa, amejibu.

Kwa wanaotaka taa ndogo za jua badala ya kuunganisha betri wenyewe, kuna mpango wa kimataifa unaoitwa VeraSol, ulioanza mwaka 2020 ukirithi kazi ya Lighting Global, ambao unapima taa na vifaa vya jua katika maabara na kuweka orodha ya vilivyofaulu kwenye intaneti, bure kwa kila mtu. Kabla ya kununua, andika jina na namba ya aina ya taa na uangalie kama imo.

Katika mipaka, kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia ni ya Ofisi ya Congo ya Udhibiti, OCC. Mzigo wa betri unaopita katikati ya makatoni ya viatu ni mgumu kuuona, na kupima uwezo wa seli kunachukua masaa, si dakika. Lakini namba 9900 inasomeka kwa macho. Hakuna maabara inayohitajika ili kulirudisha katoni lenye maandishi hayo lilikotoka.

Zinapovimba

Seli ya lithiamu ya uongo mara nyingi haina kibao kidogo cha ulinzi kinachokata umeme ikijaa, na wakati mwingine haina hata valvu ya kupumulia kwenye ncha yake. Ikichajiwa usiku kucha kwa chaja ya bei ndogo isiyojua kusimama, inapata joto, inavimba, kisha inaweza kushika moto wa ghafla wenye moshi wa sumu. Moto huo hauzimiki kwa kufunikwa na blanketi, sababu seli inajilisha yenyewe kutoka ndani. Unaotakiwa ni maji mengi ya kupooza, na watu watoke nje wasivute moshi. Mambo mawili yanapunguza hatari sana: usichaji betri ya tochi juu ya godoro, na usiichaji wakati kila mtu amelala. Katika nyumba ambazo umeme unarudi saa sita ya usiku, la pili ni gumu kulitii, na hilo linafahamika. Basi chaja iwekwe kwenye sakafu ya saruji au juu ya sahani ya chuma, mbali na pazia, na mbali na mlango ambao watoto watapita wakikimbia.

Betri iliyovimba isitobolewe ili itoe hewa, jambo ambalo vijana wengi wanalifanya. Itolewe nje, iwekwe ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga mkavu. Betri za risasi zilizokufa zina njia nyingine: zinanunuliwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma, na hakuna sababu ya kuzivunja nyumbani ili kuyeyusha risasi ya kutengeneza vizito vya nyavu. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 katika mtaa ambako watu walikuwa wanavunja betri za magari na kuchekecha udongo wake kutafuta risasi. Vumbi la risasi lilikuwa limeingia hadi ndani ya nyumba walimolala.